JE, MVUA ZIMEPUNGUA? TULIULIZE DAFTARI

Ndugu wasomaji, siku hizi vijijini mwetu kuna swali linaloulizwa kila mahali. Linaulizwa kisimani, mnadani, mashineni na hata msibani: "Hivi mvua za zamani zimekwenda wapi?" Mzee mmoja atasema, "Sisi tulipokuwa vijana, mvua za vuli zilikuwa zinaanza mwezi wa kumi bila kukosa." Mama mmoja atamjibu, "Hapana, baba. Hata zamani njaa ilikuwapo, mmesahau tu." Je, nani anasema kweli?

Swali hili si la kupitishia wakati. Mtu akiamini kwamba mvua zimekwisha kabisa, ataacha mahindi, atauza ng'ombe, pengine atahama. Kama si kweli, amejitia hasara bure. Mwingine akiamini kwamba hakuna kilichobadilika, atapanda mbegu ileile kwa siku zilezile. Mvua ikimkimbia, watoto watalala njaa. Kwa hiyo lazima tujue namna ya kupata jibu la kweli. Leo tutaeleza jinsi wataalamu wanavyolitafuta jibu hilo, na jinsi sisi wenyewe tunavyoweza kulitafuta kijijini.

KICHWA HUSAHAU

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mvua nayo ni mali. Bila daftari, habari zake hupotea.

Hatusemi kwamba wazee wanadanganya, hata kidogo. Lakini kichwa cha mtu hukumbuka mambo makubwa na kusahau madogo. Wengi wetu tunakumbuka mvua za El Nino za 1997 na 1998, maana zilibomoa nyumba, barabara na madaraja. Wazee wanakumbuka ukame wa 1973 na 1974, maana chakula kilikosekana hata nchi yetu ikanunua nafaka kutoka ng'ambo. Lakini nani anakumbuka mvua ya mwaka 1983 ilikuwa kiasi gani? Mwaka wa kawaida hauachi alama kichwani. Na huwezi kujua kama mvua inapungua au inaongezeka kwa kukumbuka miaka miwili mitatu tu iliyotisha.

MVUA HUPIMWA NAMNA GANI?

Mvua hupimwa kwa chombo kiitwacho kipimamvua. Ni kama kopo lililowekwa mahali pa wazi. Maji yanayoingia ndani hupimwa kwa milimeta. Katika vituo vya hali ya hewa, mpimaji husoma chombo hicho kila siku saa 3 asubuhi, halafu huandika.

Wengine watauliza, "Milimeta 1 ya mvua ni kitu gani?" Ni rahisi. Mvua ya milimeta 1 ikinyesha kwenye eneo la meta 1 kwa meta 1, huleta lita 1 ya maji. Sasa tuseme una nyumba ya bati, na paa lake linafunika meta 5 kwa meta 4. Hizo ni meta za mraba 20. Mvua ya milimeta 10 ikinyesha, paa hilo litapokea lita 200. Hilo ni pipa zima! Ndiyo maana tunasema mvua ni mali inayohesabika.

Joto nalo hupimwa kwa kipimajoto. Hakiwekwi juani, maana jua litakidanganya. Huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, kimo cha meta 1 na zaidi kidogo kutoka ardhini. Kila siku huandikwa joto la juu kabisa la mchana na joto la chini kabisa la usiku.

Kazi hii ya kuandika ilianza zamani. Uingereza wana hesabu za joto la kila mwezi tangu mwaka 1659. Hapa kwetu, maji ya Ziwa Viktoria yamekuwa yakipimwa tangu 1896. Waliochukua vipimo vya kwanza wamekufa zamani, lakini daftari zao zinasema nasi hata leo.

MWAKA MMOJA SI USHAHIDI

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Mwaka huu mvua ikiwa haba, tunasema, "Basi, nchi imegeuka jangwa." Mwaka kesho ikinyesha vizuri, tunasema, "Aa, mambo yamerudi." Hivyo sivyo.

Mvua hupanda na kushuka kila mwaka. Hiyo ndiyo kawaida yake tangu enzi za mababu. Tunachotafuta ni mwelekeo. Mwelekeo ni safari ya miaka mingi kwenda upande mmoja, juu au chini. Fikirini mtu anayepanda mlima. Njiani atashuka bondeni mara kwa mara, kisha atapanda tena. Ukimwona anaposhuka bondeni utasema anateremka. Lakini ukiangalia safari yake yote, utaona anapanda.

Ndiyo sababu wataalamu wa dunia nzima wamekubaliana kutumia miaka 30. Wanajumlisha mvua ya miaka 30, kwa mfano tangu 1991 mpaka 2020, wanagawanya kwa 30, wanapata wastani. Wastani huo ndio unaoitwa mvua ya kawaida ya mahali hapo. Hali hiyo ya miaka mingi ndiyo huitwa tabianchi. Mvua ya leo au ya juma hili ni hali ya hewa tu.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Chukueni kalamu na karatasi. Tutumie mfano tuliotunga wenyewe kwa ajili ya kujifunza. Tuseme kijiji fulani kimepima mvua kwa miaka 10. Miaka 5 ya kwanza walipata milimeta hizi:

900, 700, 1,100, 800, 1,000.

Jumla ni 4,500. Gawanya kwa 5. Wastani ni milimeta 900.

Miaka 5 ya pili walipata:

950, 650, 1,050, 750, 850.

Jumla ni 4,250. Gawanya kwa 5. Wastani ni milimeta 850.

Mtu mwenye haraka atapiga kelele: "Mnaona! Mvua imepungua kwa milimeta 50!" Lakini sisi tusiwe na haraka. Tuangalie vizuri ile miaka 5 ya kwanza. Kuna mwaka mmoja wenye mvua nyingi sana, 1,100. Tukiuondoa huo, inabaki miaka 4 yenye jumla ya 3,400. Gawanya kwa 4, unapata 850. Ni sawasawa kabisa na wastani wa miaka ya pili! Kumbe upungufu wote ule ulitokana na mwaka mmoja tu.

Kuna njia nyingine ya kuhakikisha. Tufanye kama mashindano ya mpira. Timu ya kwanza ni miaka 5 ya kwanza. Timu ya pili ni miaka 5 ya pili. Kila mwaka wa timu ya pili ucheze na kila mwaka wa timu ya kwanza. Mwenye mvua nyingi ndiye mshindi. Mechi zote ni 5 mara 5, yaani 25.

Mwaka wa 950 unashinda mechi 3. Mwaka wa 650 haushindi hata moja. Mwaka wa 1,050 unashinda 4. Mwaka wa 750 unashinda 1. Mwaka wa 850 unashinda 2. Jumla timu ya pili imeshinda mechi 10, ya kwanza imeshinda 15. Je, timu ya kwanza imeiponda ya pili? Hapana. Ushindi kama huo unaweza kutokea kwa bahati tu. Kwa hiyo jibu la haki ni hili: daftari hili halijaonyesha kwamba mvua imepungua. Tuendelee kupima.

JOTO LINA HADITHI YAKE

Sasa tufanye vivyo hivyo kwa joto la usiku. Huu nao ni mfano wa kujifunzia. Miaka 5 ya kwanza wastani wa joto la usiku ulikuwa digrii hizi za sentigredi:

15.2, 15.0, 15.3, 15.1, 15.4. Wastani wake ni 15.2.

Miaka 5 ya pili:

15.5, 15.3, 15.6, 15.5, 15.6. Wastani wake ni 15.5.

Tofauti ni digrii 0.3 tu. Mtu atacheka: "Hiyo nayo ni kitu?" Basi tucheze mechi zetu 25. Timu ya pili inashinda mechi 23, inatoka sare 1, inafungwa 1 tu. Huo si ushindi wa bahati! Tofauti ni ndogo, lakini inajirudia mwaka baada ya mwaka.

Mnaona siri yake? Ukubwa wa tofauti peke yake hautoshi. Lazima uulinganishe na kupanda na kushuka kwa kila mwaka. Mvua huyumba sana, kwa hiyo mwelekeo wake hujificha. Joto huyumba kidogo, kwa hiyo mwelekeo wake huonekana upesi. Ni kama kusikiliza mtu anayeongea taratibu. Sokoni humsikii, lakini usiku nyumbani unamsikia vizuri.

Na hivi ndivyo ilivyotokea duniani. Wataalamu walikusanya vipimo vya nchi zote, wakalinganisha miaka ya 1850 hadi 1900 na miaka ya 2011 hadi 2020. Wakaona dunia imeongezeka joto kwa digrii 1.1 hivi. Hapo hakuna ubishi tena. Sababu yake kubwa ni moshi na hewa chafu ya makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa viwandani na katika magari, pamoja na ukataji wa misitu.

TUANZIE MWAKA GANI?

Jambo jingine la kuangalia ni mwaka wa kuanzia. Mtu mjanja anaweza kuchagua mwaka wa kuanzia ili apate jibu analolitaka.

Tuchukue mfano wa kweli. Kuanzia miaka ya 1980 mpaka karibu na 2010, mvua za masika katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilielekea kupungua. Watu waliopima miaka hiyo tu walikuwa na haki ya kuogopa. Lakini baadaye zikaja masika kubwa sana za 2018 na za 2020. Mito ilifurika, watu wakapoteza nyumba na mashamba. Sasa ukipima tangu 1980 mpaka leo, huoni tena ile safari ya kwenda chini moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mvua zimepungua," muulize kwa upole: "Tangu lini, ndugu? Na umeishia mwaka gani?"

ZIWA VIKTORIA LINATUFUNDISHA

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tuna daftari kubwa mbele ya macho yetu. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kwa hiyo mvua ikizidi, ziwa hupanda.

Mwishoni mwa 1961 mvua ilinyesha kupita kiasi. Kati ya 1961 na 1964 maji ya ziwa yalipanda zaidi ya meta 2. Vijiji vya ufukoni vilihamishwa na maji. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Nino, ziwa lilipanda tena. Kisha likashuka sana, na mwaka 2006 maji yalikuwa chini kuliko yalivyowahi kuwa kwa miaka mingi. Lakini mwezi Mei 2020 yalipanda mpaka yakaipita kidogo ile alama ya 1964.

Mtu aliyeangalia ziwa mwaka 2006 angesema, "Ziwa linakauka!" Aliyeangalia 2020 angesema, "Ziwa linatumeza!" Wote wawili wameona kipande tu cha hadithi.

Tena kuna jambo la kuongeza. Ule upungufu wa 2006 haukuletwa na ukame peke yake. Maji hutoka ziwani kwa Mto Nile pale Jinja, Uganda, penye mabwawa ya kufulia umeme. Miaka ile maji yaliyoruhusiwa kupita yalikuwa mengi kuliko kawaida. Basi, kabla ya kusema mbingu zimebadilika, tuangalie pia mkono wa binadamu.

DAFTARI NALO LINAWEZA KUDANGANYA

Daftari ni zuri, lakini nalo lichunguzwe. Wataalamu huangalia mambo haya:

Kwanza, je, chombo kilihamishwa? Kituo kikihamishwa kutoka mlimani kwenda bondeni, joto litaonekana limepanda ghafla. Kumbe kilichobadilika ni mahali, siyo hewa.

Pili, je, mazingira ya chombo yamebadilika? Mwembe uliopandwa karibu na kipimamvua ukikua, utakinga mvua. Kila mwaka vipimo vitapungua, nawe utadhani mvua inapungua. Mji nao ukikua, saruji na mabati huongeza joto la mahali pale.

Tatu, je, siku zisizopimwa ziliandikwaje? Hili ni kosa kubwa. Mpimaji akiugua, halafu mtu akaandika 0, daftari litasema hakukuwa na mvua. Kumbe ilinyesha, ila hakuna aliyepima. Sifuri maana yake nimepima, nikakuta hakuna kitu. Kama hukupima, usiandike 0. Andika: haikupimwa.

Nne, je, majirani wanasema nini? Kama vituo vyote vya jirani vinaonyesha mvua ilikuwa nyingi, na kimoja tu kinaonyesha ukame, nenda ukakikague. Huenda kopo limetoboka. Lakini msilinganishe mahali na mahali kama vile ni pamoja. Kwa kawaida Bukoba hupata mvua nyingi kuliko Musoma. Kila kituo kilinganishwe na miaka yake chenyewe.

JUMLA YA MWAKA HAITOSHI MKULIMA

Ndugu wakulima, mahindi hayali wastani. Milimeta 800 zikinyesha taratibu kwa miezi minne, unavuna. Zikinyesha zote kwa mwezi mmoja, kisha jua likawaka, unavuna mabua. Jumla ni ileile, ghala ni tofauti.

Kwa hiyo daftari la mkulima liandike pia: mvua ya kupandia imeanza tarehe ngapi? Siku zenye mvua ni ngapi katika msimu? Jua lilikaa siku ngapi mfululizo bila mvua baada ya kupanda? Mvua imeishia tarehe ngapi? Pengine mtagundua kwamba mvua ya mwaka haijapungua, ila siku hizi inachelewa kuanza. Huo ni ugunduzi wa maana sana. Utawaambia mchague mbegu ya muda mfupi, wala siyo kuacha mahindi.

Na tukumbuke joto. Hata kama mvua haijapungua, joto likizidi udongo hukauka upesi zaidi. Huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo ya wazee kusema mvua ya siku hizi haishibishi ardhi. Mzee na daftari wanaweza wote kuwa na haki.

TUANZE KIJIJINI KWETU

Tafuteni kopo lenye kitako bapa na ubavu ulionyooka. Lisiwe pana chini na jembamba juu kama chupa, maana kipimo kitaharibika. Lisimamisheni wima kwenye nguzo fupi ili upepo usiliangushe wala mbuzi wasilinywe. Liwe mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba. Kama mti una kimo cha meta 6, kopo likae meta 12 au zaidi kutoka kwake.

Kila siku saa 3 asubuhi, ingizeni rula ndani ya kopo. Sentimeta 1 ni milimeta 10. Andikeni, halafu mwageni maji. Daftari liwe na safu tatu: tarehe, milimeta, na maelezo. Katika maelezo andikeni mambo kama "leo tumepanda", "mvua ya mawe", au "haikupimwa, mpimaji alikuwa safarini". Wachagueni watu wawili, ili mmoja akiugua mwingine apime. Shule ya msingi ni mahali pazuri pa kuweka chombo, maana walimu na watoto wapo karibu.

Wala msikate tamaa kwa kuwa miaka 30 ni mingi. Haba na haba hujaza kibaba. Tena hatuanzi mikono mitupu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatunza vipimo vya vituo vyake vya miaka mingi, na hutoa utabiri wa kila msimu. Muulizeni Bwana Shamba au Bibi Shamba wenu habari za kituo kilicho karibu. Daftari lenu litawaonyesha jinsi kijiji chenu kinavyofanana na kituo hicho au kinavyotofautiana nacho.

Wakati tunaendelea kupima, tusiweke mayai yote katika kapu moja. Lima mahindi, lakini uwe na muhogo, mtama au viazi pembeni. Mwaka wowote ule mvua inaweza kuyumba, iwe kuna mwelekeo au hakuna.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Ni miaka gani ya mvua nyingi au ya ukame mnayoikumbuka kijijini? Kwa nini mnaikumbuka hiyo na siyo mingine?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuandika 0 na kuandika "haikupimwa"?
3. Chukueni mfano wetu wa mvua. Badilisheni mwaka wa 1,100 uwe 850. Wastani wa miaka 5 ya kwanza utakuwa ngapi? Upungufu sasa ni kiasi gani?
4. Mtu akiwaambia mvua zimepungua, mtamwuliza maswali gani matatu kabla ya kukubali?
5. Nani atapima mvua kijijini kwenu, na daftari litatunzwa wapi lisiliwe na mchwa?